Sura ya Tano: Swali, Msimamizi, Kisha Fedha

Mwanzoni mwa mwaka 1966 Wangari Maathai alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada ya uzamili ya biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alikuwa na barua iliyomwahidi kazi ya msaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia. Alipofika ofisini aliambiwa kazi ile imekwisha kupewa mtu mwingine. Baadaye, katika kumbukumbu zake, alieleza kwamba aliona ukabila na uanamke wake vimehusika.

Kinachotuhusu sisi ni kilichofuata. Reinhold Hofmann, profesa wa Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, alikuwa akianzisha idara ya anatomia ya wanyama pale pale Nairobi, akihitaji mtu anayejua kuandaa tishu kwa ajili ya kuchunguzwa kwa hadubini. Maathai alikuwa ameupata ujuzi huo Pittsburgh, akaajiriwa. Mwaka 1967 alikwenda Ujerumani, akafanya utafiti Giessen na Munich. Mwaka 1969 akarudi, akawa anafundisha huku akimalizia tasnifu yake kuhusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Nairobi kilimtunuku shahada ya uzamivu, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata.

Watu humkumbuka kwa miti na kwa Nobeli ya mwaka 2004. Mimi humrudia kila ninapozungumza na mtu anayetaka kusoma uzamivu, kwa sababu mpangilio wa mambo katika safari yake unafundisha kuliko semina nyingi. Alianza na ujuzi unaoshikika. Ujuzi ukampatia msimamizi, msimamizi akamwingiza kwenye swali la utafiti, na fedha za kwenda Ujerumani zikaja baada ya hapo. Shahada yenyewe ilitolewa nyumbani, ingawa sehemu kubwa ya kazi ya maabara ilifanyika ng'ambo.

Siku hizi vijana wetu wanaanzia mwisho. Wanajiunga na makundi ya WhatsApp ya nafasi za masomo, wanapokea tangazo la ufadhili kamili usiku wa manane, wanatuma maombi kumi na mawili yenye maelezo yaleyale, kisha wanasubiri. Wakikosa, wanasema nafasi za watu zimeshapangwa. Zipo zilizopangwa, sikatai. Lakini maombi mengi hufa kwa sababu nyepesi zaidi: mwombaji hajasema anataka kujua nini.

Tuanze na sayansi, maana huko utaratibu ni wazi zaidi. Katika sayansi za maabara na za uwandani, swali huwa na mwenyewe kabla wewe hujafika. Profesa ameomba fedha za mradi, amepewa, na ndani ya bajeti ya mradi kuna fungu la mwanafunzi wa uzamivu. Kwa hiyo kinachotangazwa ni kazi. Ujerumani, Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark hulichukulia jambo hili hivyo hivyo: mwanafunzi wa uzamivu katika mradi ni mwajiriwa mwenye mkataba, mshahara, bima na likizo. Ujerumani mkataba huo mara nyingi ni wa sehemu ya ajira, nusu au theluthi mbili, ila vyuo vya umma kwa kawaida havitozi ada ya uzamivu. Mtu anayetafuta neno "ufadhili" peke yake anazipita nafasi hizi bila kuziona, kwa sababu zimeandikwa kwenye kurasa za ajira za vyuo.

Chukua tangazo la namna hii. Anatakiwa mtafiti wa uzamivu wa kuchunguza usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu. Mkataba wa miaka minne. Awe na uzamili wa biolojia au fani inayokaribiana nayo. Awe na uzoefu wa takwimu. Kutakuwa na kazi ya uwandani Afrika Mashariki. Msomaji mwenye haraka ataona jina la nchi na kiasi cha mshahara. Msomaji makini atasimama kwenye "uzoefu wa takwimu" na kwenye "kazi ya uwandani". La kwanza linamwambia kwamba kama hajawahi kuchambua data zake mwenyewe kwa programu kama R au Stata, aanze leo, kwa sababu hapo ndipo waombaji wengi watakapochujwa. La pili linamwambia kwamba yeye aliyekulia Kilombero, anayejua mpunga unavunwa lini, barabara gani hukatika masika na namna ya kuingia nyumba ya mtu kuomba kutega mitego chumbani, ana kitu ambacho mwenzake wa Rotterdam hana. Hilo aliandike katika barua yake kwa sentensi mbili zilizonyooka, bila kujikweza na bila kuomba huruma.

Kwa Ulaya kuna mpango mmoja ambao waombaji wa kwetu wanauchangamkia kidogo mno: mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayogharamiwa na Umoja wa Ulaya. Iko wazi kwa watu wa uraia wowote. Sharti lake kubwa ni la ukaazi: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kwa mtu anayeomba akiwa Mbeya au Kisumu, sharti hilo limekwisha kutimia.

Marekani mambo ni tofauti. Huko unaomba kuingia katika idara, na unaweza kuanza uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu. Miaka miwili ya mwanzo ni ya madarasa na mitihani, kisha utafiti. Miaka mitano au sita kwa jumla ni kawaida. Idara nzuri hukusamehe ada na kukulipa posho, nawe unafundisha au unasaidia utafiti. Uingereza unaingia moja kwa moja kwenye utafiti na unatarajiwa kumaliza ndani ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo unatakiwa ufike na andiko lililoiva.

Sasa turudi nyumbani, na hapa nataka msomaji atulie kidogo. Kati ya vijana wanaoniuliza njia ya kwenda Ulaya kusomea malaria, wengi hawajui kwamba Ulaya imekuwa ikija Ifakara kusomea malaria tangu 1957, pale Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi katika bonde la Kilombero. Maabara ile leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayoongozwa na Watanzania, na kwa miongo imekuwa njia ya vijana wengi kuufikia uzamivu. Kijana anaajiriwa kama ofisa utafiti, anajifunza kazi, anapata swali, kisha anasajiliwa katika chuo cha nje au cha ndani akiwa bado anafanya kazi palepale.

Fredros Okumu ni mfano unaojulikana. Ni Mkenya, alikuja Ifakara, na uzamivu wake ni wa London School of Hygiene and Tropical Medicine. Swali lake lilihusu jambo ambalo kila wizara ya afya ya Afrika ilikuwa ikijiuliza: familia ikishalala ndani ya chandarua chenye dawa, kupulizia kuta dawa nyingine kunaongeza kinga, au ni kutupa fedha? Majibu hayakupatikana London. Yalitafutwa kijijini Lupiro, katika vibanda vya majaribio vilivyojengwa kwa mfano wa nyumba za wenyeji, vikiwa na mitego kwenye madirisha na kwenye upenyo kati ya ukuta na paa. Watu waliojitolea walilala ndani usiku kucha. Alfajiri mbu walikusanywa, wakahesabiwa, wakatenganishwa waliokufa na wazima, walioshiba damu na wasioshiba. Hiyo ndiyo sayansi ya uzamivu kwa vitendo, na ilifanyika mahali ambapo basi kutoka Morogoro linafika.

Kilifi kuna mfano wa aina hiyo: kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanza mwaka 1989, ambacho watafiti wake wanaweza kusajiliwa uzamivu na Open University ya Uingereza huku wakifanya kazi pwani ya Kenya. Nairobi kuna icipe, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Tangu 1983 ina mpango wa ARPPIS wa kufundisha Waafrika sayansi ya wadudu: utafiti unafanyika icipe, shahada inatoka katika chuo kikuu cha Afrika. Taasisi hiyohiyo imepewa kusimamia mfuko wa RSIF, ulio chini ya mpango wa serikali za Afrika uitwao PASET, unaogharamia uzamivu katika sayansi tumizi, uhandisi na teknolojia, na kumpeleka mwanafunzi nje kwa muda katika taasisi mshirika. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimejenga jina katika utafiti wa panya waharibifu na wa magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Wachumi wana jumuiya ya utafiti ya AERC, Nairobi, iliyoundwa 1988, na mpango wake wa pamoja wa uzamivu ulioanza 2002.

Kwa wanawake wa fani za sayansi kuna OWSD, shirika lenye makao Trieste, Italia, ambalo hugharamia uzamivu katika chuo cha nchi nyingine inayoendelea. Nalitaja kila mahali kwa sababu nimekutana na wahadhiri wasaidizi wa kike wenye sifa zote ambao hawajawahi kulisikia.

Fani za sanaa na jamii zina desturi nyingine. Huku hakuna anayekungoja na swali. Unakwenda na lako, na mara nyingi unakwenda na wazo lako la mahali ushahidi ulipo. Ndiyo maana andiko la utafiti huku lina uzito kuliko cheti chochote.

Bethwell Ogot alipoandika tasnifu yake ya historia ya Waluo wa kusini, aliyoikamilisha London katikati ya miaka ya 1960, wapo maprofesa wakubwa wa Ulaya waliokuwa wakisema hadharani kwamba Afrika kabla ya wakoloni haina historia ya kusimuliwa. Yeye alijenga hoja yake juu ya masimulizi ya wazee, akayalinganisha ukoo kwa ukoo. Isaria Kimambo alifanya hivyo kwa Wapare, akapata uzamivu wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1967, akarudi Dar es Salaam kujenga idara ya historia. Wote wawili walikwenda nje wakiwa na swali ambalo walimu wao wasingeweza kulibuni. Felix Chami, kizazi kilichofuata, alipata uzamivu wa Uppsala mwaka 1994 kwa akiolojia ya pwani ya Tanzania ya milenia ya kwanza. Utafiti wake uliungwa mkono na ushirikiano wa kisayansi wa Sweden, ambao tangu miaka ya 1970 ulisomesha Watanzania wengi kwa mtindo wa kwenda na kurudi: miezi kadhaa Sweden, miezi kadhaa uwandani. Hoja yake, kwamba miji ya pwani ina mizizi kwa wakulima na wafua chuma wa hapahapa, bado inajadiliwa hadi leo.

Wapo wanaosema historia na lugha zimekwisha kuchunguzwa. Aliye na shaka aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Pale zipo kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia mwaka 1997. Ni mafaili ya mashamba, kodi, kesi, misitu na barabara, mengi yakiwa yameandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani. Wanaoyasoma kwa wingi ni wageni, kwa sababu wao wanakijua Kijerumani. Mwanafunzi wa historia wa Kitanzania atakayekaa darasani miaka miwili akajifunza lugha hiyo, kisha akafundishwa kusoma mwandiko ule, atakuwa na chanzo ambacho wenzake hawakigusi, na atakuwa na sababu ya haki ya kuomba ufadhili wa DAAD, shirika la Kijerumani ambalo limekuwa likifanya kazi hiyo tangu 1925 na ambalo pia hulipia uzamivu ndani ya Afrika yenyewe.

Zanzibar hazina ni ya namna nyingine. Mkusanyo wa miswada na vitabu vya Kiarabu vya Nyaraka za Zanzibar uliingia katika orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2003. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mingi ikiwa imekusanywa na J. W. T. Allen na wenzake. SOAS, London, ina yake. Na katika nyumba za Lamu, Siyu, Pemba na Unguja kuna masanduku ambayo hayajafunguliwa na mtafiti yeyote: tenzi, hati za kuuziana mashamba, barua za kibiashara kwenda Muscat, dawa, nyota, wasia. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Katikati ya mwaka huo na leo kuna karne karibu tatu za maandishi, na wasomi wanaoweza kuyasoma moja kwa moja kutoka kwenye karatasi ni wachache.

Hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu jambo hili linaniuma. Mtoto aliyesoma chuoni kwa maalimu akiwa na miaka saba, akazizoea herufi za Kiarabu, na ambaye Kiswahili ni lugha yake ya mama, tayari ameshika ufunguo ambao mwanafunzi wa Bayreuth au Napoli hutumia miaka kuutafuta. Lakini akifika chuo kikuu haambiwi kwamba ule ni ujuzi wa kitaaluma. Anaacha elimu ile mlangoni, anaandika uzamili juu ya dhamira katika riwaya moja, kisha anashangaa kwa nini andiko lake linafanana na maandiko ya watu mia. Kama msomaji wa sura hii ni mtu wa namna hiyo, asitafute mada nyingine.

Mahali pa kwenda papo. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na idara ya Kiswahili, inapokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Chuo kikuu cha SUZA, Zanzibar, nacho kinafundisha Kiswahili hadi ngazi hiyo. Bayreuth, mji mdogo wa Bavaria, kumekuwa na kongamano la Kiswahili tangu 1987, na chuo chake kilianzisha shule ya uzamivu ya taaluma za Afrika, BIGSAS, mwaka 2007. Tangu 2019 chuo hicho kina mtandao wa utafiti unaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Hamburg nako kuna kundi kubwa la wataalamu wa miswada ya dunia nzima, ya Afrika ikiwamo.

Fedha za fani hizi ni chache kuliko za sayansi, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo. Serikali zetu zikitangaza ufadhili, orodha huanza na uhandisi na kuishia kwenye data na akili mnemba, na historia ya watu wenyewe inaachiwa wafadhili wa nje waamue ipi inafaa kuandikwa. Ni kosa la kisera, na litatugharimu. Hata hivyo zipo njia. CODESRIA ya Dakar, iliyoanza 1973, imekuwa ikisaidia watafiti vijana wa sayansi za jamii kwa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu na kwa warsha za mbinu. Wakfu wa Gerda Henkel wa Ujerumani unagharamia masomo ya historia na ya sanaa. Mtandao wa PANGeA, ulioanza 2010, unaunganisha Stellenbosch na vyuo kama Dar es Salaam, Makerere na Nairobi. Na Makerere, Mahmood Mamdani alipokuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii, MISR, alianzisha mwaka 2012 uzamivu wa miaka mitano wenye madarasa ya lazima ya nadharia na historia. Alikuwa akipinga wazi utamaduni wa kazi za ushauri, ambapo msomi wa Kiafrika hupewa swali na mfadhili na kutakiwa alete majibu tu. Unaweza kutokubaliana na Mamdani katika mengi, lakini katika hilo aliweka kidole penye jeraha.

Iwe maabara au maktaba, hatua inayoamua ni barua ya kwanza kwa msimamizi. Nimeonyeshwa nyingi, na nyingi huanza hivi: Mheshimiwa Profesa, natumaini u mzima wa afya, mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto ya kusoma katika chuo chenu chenye hadhi kubwa duniani, naomba unisaidie kupata ufadhili. Barua hiyo ingeweza kutumwa kwa profesa wa meno au wa muziki bila kubadilishwa neno. Heshima iliyomo ni ya kweli, lakini mpokeaji hana cha kujibu.

Sasa tazama nyingine, ya mtu aliyefanya uzamili wa uvuvi. Nimesoma makala yako kuhusu kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue. Katika uzamili wangu niliwahoji wanawake wanaovua pweza kwa miguu katika kijiji kimoja cha Kilwa, na nimekuta kwamba mwamba ukifunguliwa, wanaume wa mitumbwi huvuna zaidi kuliko wao, jambo ambalo makala yako haikuligusa. Ningependa kulichunguza katika vijiji vingi zaidi. Je, unapokea wanafunzi wa uzamivu mwakani, na naweza kukutumia andiko la kurasa mbili? Basi. Barua hiyo imemwonyesha profesa kwamba mwandishi anasoma, anafanya kazi, anaweza kupingana kwa adabu, na anauliza kitu kinachojibika. Ambatanisha wasifu wa kurasa mbili. Ukikaa wiki tatu bila jibu, kumbusha mara moja kwa mistari miwili. Ukikosa tena, nenda kwa mwingine bila kinyongo. Pengine ana wanafunzi tele.

Kabla hujamkubali msimamizi, naye umchunguze. Tafuta mhitimu wake, umwulize mambo matatu: alikuwa akirudisha rasimu baada ya muda gani, wanafunzi wake humaliza lini, na jina la nani huwekwa mbele kwenye makala. Wanafunzi wetu huona haya kuuliza, wanahofia kuonekana watovu wa adabu. Ni miaka minne ya maisha yako au zaidi, uliza. Nimewaona watu wenye akili nyingi wakichakaa mikononi mwa msimamizi ambaye sura ya pili ya tasnifu ilikaa mezani kwake mwaka mzima, katika chuo ambacho hakikuwa na utaratibu wowote wa kumhoji.

Hilo ndilo tatizo kubwa la uzamivu wa nyumbani, kuliko uhaba wa vitabu. Mhadhiri msaidizi anasoma huku akifundisha madarasa ya mamia, anasahihisha mitihani, anakaa kwenye kamati, na tasnifu inasukumwa hadi likizo ambayo haifiki. Kwa mtu wa namna hii, mpango wa CARTA ni wa kufuatilia kwa karibu. Ulianza 2008, unaongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na unawachukua wafanyakazi wa vyuo na taasisi wanachama. Wanafunzi wanabaki wamesajiliwa kwao, lakini wanakutanishwa katika semina nne za pamoja za wiki kadhaa, ambako wanaandika na kuhakikiwa na wenzao pamoja na walimu wasio wasimamizi wao. Naye aliyekwisha kusajiliwa nyumbani na anahitaji mwaka mmoja tu wa maabara au maktaba aangalie ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao umekuwa na fungu la wanafunzi wa uzamivu kukaa miezi 12 katika chuo cha Uingereza bila kuhama chuo chao.

Ya vibali nitayataja kwa kifupi, ingawa yamechelewesha watu wengi. Tanzania kibali cha utafiti hutolewa kupitia COSTECH, na utafiti wa afya unahitaji kupita kwenye kamati ya maadili. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Ratiba yako iwe na miezi ya kusubiri. Masharti na tarehe za ufadhili nilioutaja katika sura hii hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tovuti ya mfadhili mwenyewe, usitegemee picha iliyosambazwa simuni. Na mtu akikwambia ulipie "usindikaji" wa ufadhili uliokwisha kuupata, ni tapeli, hata kama nembo iliyo juu ya barua yake ni ya chuo unachokijua.

Leo jioni andika swali lako la utafiti kwa Kiswahili, sentensi tatu, bila jargoni ya fani yako. Mpe mtu asiyesomea fani hiyo alisome: dada yako, jirani, mwalimu wa msingi. Akiweza kukueleza unataka kujua nini na kwa nini jibu halijulikani, kesho anza kutafuta watu watatu duniani, wa karibu au wa mbali, waliowahi kuligusa swali hilo. Waandikie hao kwanza.